i3 ikigoma kuwaka au skrini ikileta shida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

i3 ni programu ya kupanga madirisha kwenye Linux na mifumo inayofanana nayo. Kila dirisha hupewa sehemu yake ya skrini, kwa kawaida hakuna linalolala juu ya jingine, na karibu kila kitu hufanywa kwa kibodi. Michael Stapelberg aliianzisha mwaka 2009, na tangu hapo imebaki ndogo kwa makusudi: haipaki picha ya nyuma, haiwashi skrini ya pili, haikuzi maandishi, haiulizi nenosiri. Kazi hizo ni za programu nyingine zinazoizunguka. Ndiyo maana mengi yanayodhaniwa kuwa makosa ya i3 yametoka kwa jirani zake. Na ndiyo maana kuifuta na kuisakinisha upya hakusaidii: faili lako la mipangilio linakaa kwenye folda yako binafsi, halifutwi, na kosa lililomo linakungoja pale pale.

Majibu haya yanahusu i3 juu ya seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini na kupokea kibodi na kipanya. Sway, inayofuata mtindo wa i3 juu ya Wayland (mfumo mpya unaofanya kazi ya X), ina swali lake karibu na mwisho.

## Nimeingiza nenosiri na skrini imebaki nyeusi tii. i3 imekufa?

Mara nyingi iko hai. i3 isiyo na dirisha wala picha ya nyuma ni weusi mtupu, na mtu aliyezoea kuona aikoni na menyu hudhani mashine imekwama. Tazama kwanza ukingo wa chini. Ukiona mwambaa mwembamba wenye namba 1 upande wa kushoto, i3 inafanya kazi na inasubiri amri yako. Bonyeza $mod, kitufe kikuu cha amri za i3, pamoja na Enter; terminali (dirisha la kuandikia amri) itafunguka.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawajui $mod yao ni kitufe gani. Mara ya kwanza i3 ikiwaka, huuliza kama unataka ikuandalie faili la mipangilio, kisha uchague kati ya kitufe cha Windows na Alt. Ukibonyeza Esc kwenye swali hilo, i3 hutumia mipangilio ya mfumo, ambayo $mod yake ni Alt. Jaribu vitufe vyote viwili kabla ya kufanya lolote jingine. Ndani ya faili, `Mod4` ni Windows na `Mod1` ni Alt.

Mwambaa ukiwepo na terminali ikakataa kufunguka, huenda hakuna terminali yoyote kwenye mashine. Amri ya `i3-sensible-terminal` hupitia orodha ya terminali zinazojulikana moja baada ya nyingine. Isipopata hata moja, haina cha kufungua. Jambo hili huwapata hasa waliosakinisha mfumo mtupu wakaongeza i3 peke yake.

Kama hakuna mwambaa na vitufe havijibu, hamia kwenye konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, kwa Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, kisha andika:

```
pgrep -ax i3
```

Jibu likiwa tupu, kikao hakikuanza kabisa. Nenda kwenye swali linalofuata. Jibu likitoa namba, i3 ipo, ila picha inapelekwa kwenye skrini nyingine. Hutokea kwa kompyuta mpakato ambayo hati yake ya kuanzia (faili la amri) iliandikwa wakati projekta imechomekwa. Ukiwa bado kwenye konsoli, washa skrini ya mashine yenyewe, ambayo mara nyingi huitwa eDP-1:

```
DISPLAY=:0 xrandr --output eDP-1 --auto
```

Rudi kwenye kikao chako kwa Ctrl+Alt+F7, au F1 au F2 kutegemea mfumo wako.

## Naweka nenosiri sahihi, skrini inamulika kidogo, halafu narudishwa kuingia upya. Kwa nini?

Kikao kinaanza na kufa papo hapo. Nenosiri halina hatia. Usibahatishe, nenda konsoli na uangalie mambo matatu kwa mpangilio huu.

```
df -h
ls -l ~/.Xauthority
tail -n 40 ~/.xsession-errors
```

La kwanza ni nafasi ya diski. Diski ikijaa, X haiwezi kuandika mafaili yake madogo na kikao hakisimami. La pili ni umiliki: aliyewahi kuandika `sudo startx` huenda akakuta faili la `.Xauthority` limekuwa mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), na yeye mwenyewe hawezi kulisoma. Lifute kwa `sudo rm ~/.Xauthority`, litaundwa upya ukiingia. La tatu ndilo lenye maelezo: faili la makosa ya kikao litakuambia ni hati gani ilivunjika. Mara nyingi ni mstari ulioongezwa juzijuzi kwenye `~/.profile` au `~/.xprofile`. Si kila mfumo huandika faili hilo. Lisipokuwepo, jaribu `journalctl --user -b`.

Kuna sababu nyingine rahisi ambayo watu huisahau. Programu ya kuingilia, kama LightDM, GDM au SDDM, hukumbuka kikao ulichochagua mara ya mwisho. Kikao hicho kikiwa kimefutwa kwenye mashine, hakuna cha kuanzisha. Vikao vya X vimeorodheshwa ndani ya `/usr/share/xsessions`, vya Wayland ndani ya `/usr/share/wayland-sessions`. Hakikisha i3 imo, kisha uichague upya kwenye ukurasa wa kuingia.

## Natumia startx. Inafunguka na kujifunga mara moja.

Fungua `~/.xinitrc`. Mstari wake wa mwisho uwe:

```
exec i3
```

Chochote kilichoandikwa chini ya mstari huo hakisomwi. Na chochote kilicho juu yake kinachoendelea kufanya kazi muda wote, mfano picom, lazima kiishie na alama ya `&`; bila hiyo hati inasimama hapo ikingoja programu ile imalize, na i3 haifikiwi kamwe. Kama huna faili hilo kabisa, `startx` hutumia la mfumo, ambalo mara nyingi huita programu ambazo huna, kwa hiyo seva huzima.

Ikiwa `.xinitrc` iko sawa, tatizo ni la X yenyewe. Logi yake iko `/var/log/Xorg.0.log`, au `~/.local/share/xorg/Xorg.0.log` pale X inapoendeshwa bila haki za root. Tafuta mistari ya makosa:

```
grep '(EE)' ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log
```

Mstari mmoja wa juu unaoeleza maana ya alama hizo hutokea daima, upuuze. Ukikuta `no screens found`, draiva ya kadi ya grafiki haikupakiwa. Tazama kama ulisasisha kerneli bila kuwasha mashine upya, au kama draiva ya NVIDIA hailingani tena na kerneli mpya. Angalia pia faili la `/proc/cmdline`: neno `nomodeset`, ambalo watu huliweka siku ya kusakinisha mfumo na kulisahau, huzuia draiva nyingi za kisasa kufanya kazi.

## Kuna mstari mwekundu juu ya skrini unaosema faili la mipangilio lina makosa.

Huo ni msaada, usiufunge haraka. i3 ikikuta mstari isiouelewa huuruka na kuendelea na iliyobaki, kwa hiyo unaweza kuingia ukiwa na nusu ya vitufe vyako. Bonyeza kitufe cha kuonyesha makosa kilicho kwenye mstari huo, au uliza mwenyewe:

```
i3 -C
```

Amri hiyo hukagua faili bila kuwasha chochote, na hutaja namba ya mstari. Ifanye kabla ya kila `reload`.

Sasa, kuna mtego ambao hula muda wa watu wengi: wanahariri faili moja huku i3 inasoma lingine. i3 hutafuta mipangilio mahali zaidi ya pamoja, ikiwemo `~/.config/i3/config`, `~/.i3/config` na `/etc/i3/config`. Ukiona mabadiliko yako hayana athari yoyote, andika `i3 --moreversion` ukiwa ndani ya i3. Itakutajia faili inayolitumia na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho.

Kosa jingine la kawaida ni la neno `gaps`. Nafasi kati ya madirisha zilikuwa kwenye tawi la pembeni lililoitwa i3-gaps, zikaingizwa kwenye i3 yenyewe katika toleo la 4.22, Januari 2023. Ukinakili mipangilio ya mtu mwenye toleo jipya ukaiweka kwenye la zamani, kila mstari wa `gaps` utakataliwa. Angalia `i3 --version` yako.

Ukitaka kujaribu mabadiliko makubwa bila kuhatarisha kikao ulichomo, tumia Xephyr, seva ya X inayofunguka ndani ya dirisha:

```
Xephyr :1 -screen 1280x720 &
DISPLAY=:1 i3 -c ~/jaribio.conf
```

Ninaipendekeza kwa kila anayeandika mipangilio yake kuanzia mwanzo. Ikivunjika, unafunga dirisha na kazi yako nyingine haijaguswa.

## Programu nilizoweka kwa `exec` haziwaki, au zinawaka mara mbili.

Kwanza tofautisha. `exec` hufanya kazi mara moja tu, i3 inapoanza. `exec_always` hurudia kila i3 ikianzishwa upya kwa $mod+Shift+r. Lakini $mod+Shift+c, ambayo husoma tu mipangilio upya, haiendeshi hata moja kati ya hizo mbili. Anayeongeza mstari wa `exec_always` kisha akabonyeza $mod+Shift+c hataona kitu, na atadhani amekosea kuandika.

Mwambaa unaojirudia mara mbili au tatu maana yake umeuweka kwenye `exec_always`, na kila kuanzisha upya kunaongeza mwingine juu ya ule uliopo. Uhamishie kwenye `exec`, au uite kupitia hati inayoua wa zamani kwanza.

Programu isipowaka kabisa, kumbuka kwamba i3 haisomi `~/.bashrc`. Majina ya mkato uliyotunga humo hayajulikani kwake, na folda ulizoongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) kupitia faili hilo hazionekani. Andika njia kamili ya programu. Tena, i3 hutumia alama za `,` na `;` kutenganisha amri zake, kwa hiyo amri yenye alama hizo ifungwe ndani ya nukuu.

Kishale kinachozunguka hadi sekunde 60 ilhali programu imeshafunguka kinaondolewa kwa kuongeza `--no-startup-id` baada ya `exec`.

## Nimechomeka skrini ya pili, haiwaki. Na nikiichomoa, madirisha yanapotea.

i3 haiwashi skrini. Inapokea taarifa kutoka kwa seva ya X kwamba skrini fulani imewashwa, kisha inaipa nafasi ya kazi. Kuwasha ni jukumu lako, kwa `xrandr`. Iandike peke yake kwanza usome majina:

```
xrandr
xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of eDP-1
```

Usinakili majina kutoka kwa mtu mwingine. Draiva moja huita tundu `HDMI1`, nyingine `HDMI-1`, nyingine `HDMI-A-0`. Hata kwenye mashine ile ile jina linaweza kubadilika siku unapobadilisha draiva, na hati iliyofanya kazi miaka mingi ikanyamaza ghafla. Neno `connected` likikosekana mbele ya tundu hilo, shida iko kwenye kebo, adapta au skrini yenyewe, na hakuna mstari wa mipangilio utakaoitibu.

Ukisahau `--right-of` au mfano wake, skrini zote mbili huanza kwenye kona ile ile. i3 inazihesabu kama skrini moja inayojirudia, na nafasi ya kazi ya pili haitokei. Watu wengi hulaumu i3 kwa hili, ilhali imefanya ilichoambiwa.

Kuchomoa ndiko kunakotisha zaidi. Ukivuta kebo, X hutambua kuwa skrini haipo, lakini mara nyingi huacha eneo lake likiwa wazi. Madirisha yako bado yako kwenye eneo hilo lisiloonekana. Hayajafa na kazi iliyomo haijapotea. Mwambie X azime eneo hilo:

```
xrandr --output HDMI-1 --off
```

Papo hapo i3 itazirudisha nafasi za kazi kwenye skrini iliyobaki. Kwa kuwa huenda siku hiyo huoni hata terminali, ifungie amri hii kitufe mapema:

```
bindsym $mod+Shift+o exec --no-startup-id xrandr --output HDMI-1 --off --output eDP-1 --auto
```

Anayebadilisha skrini kila siku aisakinishe autorandr, inayokumbuka mpangilio wa kila seti ya skrini na kuurudisha yenyewe. Anayependa kupanga kwa kipanya atumie arandr.

Nafasi fulani ya kazi hufungwa kwenye skrini yake kwa mstari kama `workspace 9 output HDMI-1`. Na ikiwa mipangilio yako imerithiwa kutoka enzi za nyuma, tafuta neno `force_xinerama` ulifute. Lilikuwa la lazima kwa draiva za zamani za NVIDIA. Kuanzia toleo la 302.17 halihitajiki, na likiwepo huizuia i3 kuona skrini zinazoongezwa au kuondolewa wakati ikiendelea kufanya kazi.

## Maandishi ni madogo mno kwenye skrini yangu yenye pikseli nyingi.

Weka kiwango kwenye `~/.Xresources`. Cha kawaida ni 96. Kukuza mara moja na nusu ni 144, mara mbili ni 192.

```
Xft.dpi: 144
```

Kisha `xrdb -merge ~/.Xresources`, na uanzishe i3 upya. Programu zilizokwisha kufunguliwa huenda zisibadilike hadi uzifunge. Ambazo bado zinakaidi zina vigeu vyake: `GDK_SCALE=2` kwa za GTK, `QT_SCALE_FACTOR` kwa za Qt. Epuka `xrandr --scale`, kwa sababu hukuza picha iliyokwisha kuchorwa na kuacha herufi zenye ukungu.

Ukiwa na skrini mbili zenye wingi tofauti wa pikseli, X haina jibu safi, kwa kuwa kiwango hicho ni kimoja kwa kikao kizima. Kwa hali hiyo Sway ni bora waziwazi: kila skrini hupewa kiwango chake, mfano `output eDP-1 scale 2`.

## Mwambaa unaonyesha visanduku vitupu, au ujumbe wa makosa badala ya saa.

Visanduku ni herufi ambazo fonti yako haina. Mipangilio mingi ya kunakili hutegemea Font Awesome au fonti za familia ya Nerd Fonts. Isakinishe, endesha `fc-cache -f`, kisha uhakikishe jina halisi kwa `fc-list`, maana jina la faili na jina la fonti hutofautiana.

Ujumbe wenye namba 127 maana yake programu iliyotajwa kwenye `status_command` haikupatikana, sakinisha i3status. Namba 126 maana yake hati ipo lakini haina ruhusa ya kuendeshwa: `chmod +x`.

## Programu ya Java inafungua dirisha la kijivu lisilo na kitu.

Hutokea kwenye Sway, dwm, bspwm na nyingine za aina hiyo. Weka kigeu hiki kabla ya kikao kuanza:

```
export _JAVA_AWT_WM_NONREPARENTING=1
```

## Programu nyingine zinachukua kama sekunde 25 kufunguka, za kwanza tu baada ya kuingia.

Muda huo ni alama ya wazi: ndio ambao DBus, njia ambayo programu huzungumziana, husubiri jibu kabla ya kukata tamaa. Huduma za nyuma, hasa xdg-desktop-portal, zimeanzishwa bila kujua skrini iko wapi. Zijulishe mapema kwenye mipangilio ya i3:

```
exec --no-startup-id dbus-update-activation-environment --systemd DISPLAY XAUTHORITY
```

Kwa Sway, badala ya hivyo viwili taja `WAYLAND_DISPLAY` na `XDG_CURRENT_DESKTOP=sway`.

## Video zinakatika mistari katikati ya picha.

i3 haina kompozita, yaani programu inayounganisha picha za madirisha kabla hazijafika kwenye skrini. Sakinisha picom na uwashe `vsync` ndani yake, au tumia chaguo la `TearFree` kwenye mipangilio ya Xorg kama draiva yako inalo. Tumia moja, zote mbili kwa pamoja huongeza ucheleweshaji bure.

## Sway inakataa kuwaka kabisa. Niangalie nini?

Iendeshe kwenye konsoli kwa jina lako la kawaida, kamwe si kwa root:

```
sway -d 2> ~/sway.log
```

Makosa yanayojirudia ni machache. `XDG_RUNTIME_DIR` haijawekwa, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na logind, huduma inayosimamia vikao vya watumiaji. Au hakuna logind wala seatd, kwa hiyo Sway hairuhusiwi kushika kadi ya grafiki na kibodi. Washa huduma ya seatd na ujiunge na kundi la watumiaji wake. Au una draiva isiyo huria ya NVIDIA, ambayo Sway huikataa mpaka uongeze `--unsupported-gpu`, ukikubali kwamba hutapata msaada kwa hitilafu zitakazofuata.

`xrandr` haipangi skrini kwenye Sway. Tumia `swaymsg -t get_outputs` kuona majina, na mistari ya `output` kupanga.

## i3 imeanguka ikanionyesha kisanduku chenye herufi za kuchagua. Nimepoteza kazi?

Hapana. Madirisha ni ya seva ya X, hayafi pamoja na i3. Bonyeza `r` kuianzisha upya mahali ilipokuwa. Ikianguka tena pale pale, bonyeza `f`, inayoianzisha upya ikisahau mpangilio wa awali. Kabla ya yote, `b` huhifadhi taarifa za mwanguko kwa ajili ya watengenezaji.

## Nimejaribu yote. Niombe msaada vipi?

Njoo na logi. Tatizo likitokea ndani ya kikao, washa kumbukumbu, rudia kosa, kisha uhifadhi:

```
i3-msg 'debuglog on, shmlog on, reload'
i3-dump-log > /tmp/i3.log
```

Likitokea wakati wa kuwaka, badilisha mstari wa mwisho wa `.xinitrc` uwe `exec i3 -V -d all > ~/i3.log 2>&1`. Ambatanisha faili zima, si mistari mitano ya mwisho, kwa kuwa chanzo mara nyingi kiko mbali juu ya pale kosa linapoonekana. Ongeza matokeo ya `i3 --moreversion` na ya `xrandr`, jina la kadi ya grafiki na draiva yake. Kabla ya kutuma, pitia logi uone kama kuna vichwa vya madirisha usivyotaka visomwe na wengine. Majina ya nyaraka na kurasa ulizofungua huandikwa humo.